Mkono

Barua ya kwanza ilifika na tope la kweli,
doa la kidole gumba pembeni mwa karatasi,
na Mama, kabla hajaniambia soma,
alilinusa.
"Si udongo wa Sardinia," alisema. "Huu una chokaa."

Mimi ndiye niliyekuwa macho ya nyumba ile:
miaka kumi na mmoja, madarasa matatu,
vidole vikinuka maziwa ya kondoo.
Baba alijua kuhesabu mifugo, basi.
Mama alijua sufu.
Zulia la jirani aliligeuza mara moja tu, upande wa chini:
"Hapa alianza Grazietta. Kuanzia hapa ni binti yake."
Ila a na be zilimpita kama wageni barabarani.

Bachisio aliandika kwa herufi zilizolalia kushoto,
kondoo wanaokwepa upepo.
"Wapendwa, mimi mzima, natumaini nanyi wazima.
Tumepanda kilima cha" —
hapo wino wa mkaguzi, mnene kama kiwavi —
"na baridi ipo, lakini si sana.
Soksi zimefika. Jibini imefika nusu,
nusu nyingine imeliwa na serikali."
Baba alicheka hadi akakohoa.

Kuna vitu niliviruka. Nakiri.
Alipoandika kwamba Pascale amebaki kwenye seng'enge,
nilisoma: Pascale anawasalimu.
Siku tatu mama yake Pascale
alinipa lozi kila nilipopita mlangoni.
Siku ya nne ikaja karatasi ya manispaa.
Lozi zilikuwa bado mfukoni mwangu.

Na sisi tulimdanganya yeye.
"Andika Moro amenenepa," alisema Baba,
na Moro, fahali wetu, jeshi lilikwisha kumswaga bandarini.
Labda Bachisio alimla huko, ndani ya kopo,
akafuta mdomo, akatusomea tena:
Moro amenenepa.

Kisha, wakati wa kuvuna zeituni,
ikaja barua ya herufi zilizosimama wima.
"Wapendwa, mimi mzima, natumaini nanyi wazima."
Maneno yake. Hata utani wake, kuhusu viroboto.
Lakini hakuna kondoo hata mmoja aliyeinama.
Koo lilinikauka.
Nikasoma kwa sauti ile ile, nikatua palepale
ambapo huwa natua.
Mama alinyoosha mkono, akaichukua, akaitazama,
akaigeuza upande wa nyuma,
akaikunja.
"Asante," akasema. Hajawahi kuniambia asante.

Chini kabisa ya jibu letu, kwa herufi za mchwa, niliandika:
Wewe unayemwandikia kaka yangu,
mkono wake una nini?
Jibu lilikuwa mstari mmoja, wote umefunikwa kwa wino.
Sijui hadi leo kama ni mkaguzi
au ni yeye mwenyewe, baada ya kuusoma tena.

Barua sita zilikuja hivyo, zimesimama wima.
Sita nilizisoma.

Asubuhi ya siku aliyorudi
Mama alinituma sandukuni nitoe kitambaa cha meza.
Chini ya kitambaa, mafungu mawili:
moja limefungwa kwa uzi mwekundu wa sikukuu,
jingine kwa sufu mbichi, isiyotiwa rangi.
Nililihesabu la pili. Sita.
Hakuna hata moja iliyopotea njia.

Alishuka kwenye mkokoteni wa muuza chumvi,
mwembamba, koti la mtu mnene,
mkono wa kulia mfukoni kama mtu anayetafuta sarafu.
Aliutafuta hadi mlangoni. Aliutafuta
alipombusu Baba, aliponivuta nywele kwa ule wa kushoto.
Nikamwangalia Mama, nikisubiri kilio.
Alikuwa anamimina supu.

Bachisio akaketi. Akatazama meza.
Bakuli, mkate, na kijiko,
kijiko kimewekwa kushoto.

Alikitazama muda mrefu, kisha akakishika.
Supu ilizidi chumvi.
Tulikula yote.